Kuhoji na kutesa ni mambo mawili

Barazani, hapa Mji wa Kale, baada ya swala ya alasiri, mzee mmoja ninayemheshimu alisimulia habari ya kijana aliyekamatwa usiku, akasema kwamba "alihojiwa kwa nguvu hata akakiri". Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na huniuma kila mara.

Utesaji ni kumtia mtu maumivu makali, ya mwili au ya akili, kwa makusudi, ili atoe habari, akiri, aadhibiwe au atishwe, na anayefanya hivyo, au anayeridhia lifanyike, awe mtu mwenye mamlaka ya dola. Ndivyo unavyoeleza Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1984, ambao Kenya ilijiunga nao 1997. Foleni ya feri ya Likoni wakati wa joto ni mateso. Utesaji ni kitu kingine.

Linalonishughulisha zaidi ni neno kuhoji. Neno hili ni la ukoo mmoja na hoja, tuliyoipata kwa Waarabu, ambao kwao hujja ni dalili inayosimamisha madai. Kumhoji mtu, kwa asili ya neno, ni kumtaka alete hoja yake. Tena tazama mahojiano: ndani yake kuna kauli ya kutendana, ile ile iliyomo katika mapatano na mashauriano, kwa hiyo neno lenyewe linadai watu wawili ambao kila mmoja ana nafasi ya kusema na kunyamaza. Aliyefungwa mikono na kupigwa nyayo hatoi hoja. Hutamka lolote analodhani litazuia pigo lijalo, liwe kweli au uongo. Basi "kuhojiwa kwa nguvu" ni usemi unaojivunja wenyewe.

Wenye mamlaka wanaujua vizuri uzito wa majina. Agosti 2002, wanasheria wa Wizara ya Sheria ya Marekani waliandika waraka uliosema kwamba maumivu ya mwili hayawi utesaji mpaka yafikie ukali wa yale yanayoandamana na kiungo kushindwa kufanya kazi au kifo. Waraka huo uliondolewa 2004, lakini kabla ya hapo wafungwa walikuwa wamekwisha kumwagiwa maji usoni hadi kukosa pumzi, na jambo hilo likaitwa mbinu ya mahojiano.

Miongoni mwa waliopinga walikuwamo walibertari, watu wanaoshikilia kwamba kila mtu ni mmiliki wa nafsi yake, fikra ambayo John Locke aliiandika katika karne ya 17, na kwamba serikali ina madaraka yale tu iliyokabidhiwa. Si haki kuwadhania kwamba wanataka wahalifu waachiwe. Wengi wao wanakubali polisi na mahakama. Wanachokataa ni serikali kujipimia yenyewe mpaka wake, na mamlaka ya kumkamata mtu kugeuzwa kuwa umiliki wa mwili wake, hali bado hajahukumiwa. Mimi naona wamesema kweli, na sisi tulioyasikia ya vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, katika miaka ya 1980, ambako watu waliwekwa ndani ya maji kisha wakapelekwa kortini kukiri, hatuhitaji mfano wa ng'ambo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 25, inaweka uhuru wa kutoteswa miongoni mwa haki ambazo haziwezi kuwekewa mipaka yoyote, hata kwa sababu ya usalama. Sheria ya Ushahidi nayo inataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiye chini ya cheo cha inspekta ambaye siye anayeipeleleza kesi, na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa awepo.

Kwa hiyo nilimwomba mzee wangu, kwa adabu, aisimulie habari ile upya: kijana alikamatwa usiku, akateswa, akasema walichotaka aseme. Kuhojiwa, bado hajahojiwa.