Simu haimli mzee akili

“Mpokonyeni bibi hiyo simu, itammaliza akili.” Kauli kama hii imewanyima wazee wengi kitu chenye manufaa, na ushahidi hauiungi mkono.

Mwaka 2025, Jared Benge wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor waliunganisha matokeo ya tafiti 57 zilizohusu watu wa makamo na wazee zaidi ya 411,000. Waliotumia kompyuta, simu janja au intaneti walikuwa na uwezekano mdogo, kwa asilimia 58, wa kudhoofika kumbukumbu na fikra.

Labda wenye akili timamu ndio wanaoziweza simu? Hoja hiyo ina uzito. Uhusiano ulibaki hata baada ya kuzingatia elimu, kipato na afya, ingawa hilo halithibitishi kwamba simu ndiyo iliyowakinga.

Kujifunza programu mpya huushughulisha ubongo, na kuongea na wajukuu walio mbali hupunguza upweke, ambao wenyewe ni hatari kwa akili. Mengine yanayoudhuru ubongo ni shinikizo la damu, kisukari na kutosikia vizuri. Mzee akianza kupotea njia aliyoizoea, apelekwe hospitali apimwe.