Tishu nzito za matiti: yanayosemwa mitaani Tanga na yaliyo kweli

Akina mama wengi wakipokea majibu ya mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, hutafuta jambo moja tu: nina saratani au sina? Wakishaona hakuna dalili, karatasi inakunjwa. Lakini ripoti nyingi zina pia sentensi inayoeleza titi lina tishu nzito kiasi gani, na hiyo ndiyo inayozua maneno Ngamiani na Makorora. Baadhi ya maneno hayo yanachelewesha watu kutibiwa, ndiyo maana nayaandikia.

"Kaambiwa ana matiti mazito, basi keshapata saratani." Sivyo. Titi lina tezi za maziwa, nyuzinyuzi na mafuta. Tezi na nyuzinyuzi zikiwa nyingi kuliko mafuta, daktari wa picha huandika kuwa tishu ni nzito. Yako makundi manne, A hadi D, na mazito ni C na D. Marekani, karibu nusu ya wanawake waliofika miaka 40 wamo katika makundi hayo mawili. Ni maumbile, na kwa wengi uzito huo hupungua umri ukisogea na hedhi ikikoma. Kweli, hatari ya saratani hupanda. Kwa kundi D inakaribia mara mbili ya wastani. Hata hivyo wengi wa kundi hilo hawaugui saratani ya matiti maisha yao yote.

"Ziwa langu laini, mimi hayo hayanihusu." Mkono hauwezi kujua uzito wa tishu. Titi kubwa na laini linaweza kuwa na tishu nzito, na lililo gumu likawa na mafuta mengi. Picha ndiyo inayoonyesha.

Halafu kuna hili linaloniuma kuliko yote: "Picha imetoka safi, kwa hiyo hiki kivimbe si kitu." Dada yangu, tafadhali. Kwenye picha ya mamografia mafuta huonekana meusi-meusi, tishu nzito huonekana nyeupe, na uvimbe wa saratani nao huonekana mweupe. Daktari anakuwa anatafuta uzi mweupe juu ya kanzu nyeupe. Anaweza kuwa hodari, mashine ikawa mpya, na bado uvimbe ukajificha.

Hayo yalimkuta Nancy Cappello wa jimbo la Connecticut, Marekani. Kwa miaka alipimwa na kuambiwa yuko salama. Mwaka 2004, wiki chache tu baada ya picha nyingine iliyotoka safi, daktari alimshika titi akahisi kitu, na altrasaundi ikaonyesha saratani iliyokwisha kusambaa kwenye tezi za kwapani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ana tishu nzito. Alipigania wagonjwa waambiwe, na mwaka 2009 jimbo lake likapitisha sheria. Alifariki mwaka 2018. Tangu Septemba 10, 2024, kila kituo cha mamografia Marekani kinalazimika kumjulisha mgonjwa kama tishu zake ni nzito au la.

Angalieni: ni mkono wa daktari uliogundua. Kwa hiyo ukihisi kivimbe, ngozi imebonyea, chuchu imeingia ndani au inatoa damu, nenda Hospitali ya Bombo, au kituo cha afya kilicho karibu kama uko Pangani au Muheza, hata kama picha ya mwezi jana ilikuwa safi. Mwambie daktari wazi kwamba kivimbe kipo.

Wapo pia wanaosema kuweka hela au simu ndani ya sidiria huleta tishu nzito. Si kweli. Hilo tuliache hapo.

Wengine huruka upande wa pili: "Kama tishu nzito zinaficha uvimbe, mamografia ya nini? Bora altrasaundi peke yake." Hapana. Kuna chembe ndogo za chokaa ambazo mara nyingine huwa dalili ya mwanzo ya saratani, na mamografia huziona vizuri kuliko altrasaundi. Vipimo hivi vinasaidiana. Uholanzi walijaribu kuwaongezea MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, wanawake wa kundi D ambao mamografia zao zilikuwa safi. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa saratani zilizojitokeza kabla ya kipimo kilichofuata zilikuwa 2.5 kwa kila wanawake 1,000 walioalikwa kupimwa MRI, na 5.0 kwa wasioalikwa. Faida ipo, ila wengi pia waliitwa tena, hata wakakatwa kipande kidogo cha nyama ya titi kwa ajili ya kupimwa, kumbe hawana kitu. Na kwetu MRI ni ghali na haipatikani kila hospitali. Kwa hiyo kipimo cha nyongeza si cha kila mtu: daktari atatazama umri wako, na kama mama, dada au shangazi amewahi kuugua.

Ukienda kuchukua majibu, uliza: "Tishu zangu ziko kundi gani? Nahitaji altrasaundi?" Picha na ripoti za zamani zitunze na uende nazo kila mara, kwani mtaalamu akizilinganisha ataona kilichobadilika hata ndani ya titi zito.