Damu ya utafiti si kipimo cha Huntington

"Mimi sijapima, kwa hiyo utafiti haunihusu." Nimeisikia tena juzi kutoka kwa mtu wa ukoo wenye Huntington, ugonjwa wa ubongo unaorithiwa kupitia jeni, na kama kawaida haikupita dakika ikafuatwa na pacha wake: "Halafu nikitoa damu watajua, na wakijua wataniambia." Kinywa hichohicho, imani mbili zinazopingana, na zote si za kweli. Leo naandika ili kesho nitume tu kiungo badala ya kurudia maneno.

La kwanza nalimaliza haraka. Utafiti wa kufuatilia watu, usiohusisha dawa yoyote, unawataka hata wasiopima. Mkubwa kuliko wote ni Enroll-HD, ulioanza mwaka 2012: ziara moja kwa mwaka, na milango iko wazi kwa mwenye dalili, mwenye jeni asiye na dalili, aliyepima akakutwa hana, mtoto wa mgonjwa ambaye hajapima wala hana mpango wa kupima, na hata mume au mke ambaye hana undugu wa damu na ukoo huo. Huyu wa mwisho ndiye anayejidharau kuliko wote, "mimi nimemsindikiza tu." La hasha! Ubongo wa kila mtu hupungua kadiri umri unavyosonga. Bila mtu wa umri ule, wa nyumba ileile, hatuwezi kutenganisha kazi ya Huntington na kazi ya miaka. Aliyesindikiza naye akae kwenye kiti.

Sasa damu. Bomba linabandikwa msimbo, halibandikwi jina, kisha linasafirishwa hadi maabara kuu. Huko wanahesabu marudio ya CAG, herufi tatu za DNA zinazojirudia, kwenye jeni ya HTT, ile inayoleta Huntington, kromosomu ya 4. Marudio 26 kushuka chini ni kawaida. Kuanzia 27 hadi 35 mwenyewe kwa kawaida haugui, ila yanaweza kurefuka yakirithiwa na mtoto, hasa yakitoka kwa baba. Kati ya 36 na 39 huenda akaugua, huenda asiugue. Kuanzia 40 ataugua akijaaliwa umri wa kutosha. Namba hiyo inaingia kwenye hifadhidata chini ya msimbo na kubaki humo. Muuguzi aliyekuchoma sindano haioni. Daktari wa kituo haioni. Kwa hiyo acheni kutukodolea macho ziara ya pili mkitafuta huruma usoni mwetu. Hatufichi kitu, hatunacho.

"Lakini ni damu yangu!" Ndiyo, na hoja hiyo naiheshimu. Ila maabara ya utafiti haifuati mnyororo wote wa kuthibitisha kwamba bomba hili ni la mtu huyu, kama inavyofanya maabara ya majibu ya wagonjwa. Kwa utafiti wa maelfu ya watu, bomba moja likibadilishana na jingine halitibui hesabu. Kwako wewe lingetibua maisha. Na jibu hili likishasikika halifutiki masikioni. Anayetaka kujua ana njia yake: ushauri nasaha kwanza, muda wa kutafakari, sampuli mpya kabisa, maabara iliyoidhinishwa kutoa majibu, kisha majibu ana kwa ana huku umekaa na mtu unayemwamini. Katikati ya safari hiyo unaweza kughairi, hata siku ya majibu yenyewe. Utafiti si mlango wa uani wa kuikwepa njia hiyo.

Hapa ndipo nakiri jambo ambalo fomu ya ridhaa hulipitia juujuu. Damu iko kimya, lakini ziara yenyewe haiko kimya. Kipimo cha mwendo na viungo kina vipengele 31, kila kimoja alama 0 hadi 4, jumla 124, na alama zikipanda ndivyo hali ilivyo mbaya zaidi. Unaambiwa utoe ulimi na uushikilie nje sekunde 10. Ukiweza ni sifuri. Ukirudi ndani kabla ya sekunde 5 ni alama 2. Unaambiwa upige meza kwa ngumi, kisha ubavu wa mkono, kisha kiganja, mfululizo: mizunguko minne au zaidi ndani ya sekunde 10 bila kukumbushwa, sifuri. Mwishoni mpimaji anaandika kiwango cha uhakika wake kwamba anachokiona ni Huntington, 0 hadi 4, na 4 maana yake ni asilimia 99 au zaidi. Mtu asiyepima yuko mbele yake na kalamu inatembea. Tunawaambia watu kwamba kushiriki hakutawafanya wajue. Kuhusu damu, naapa. Kuhusu ulimi, sina hakika kiasi hicho.

Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza waziwazi: "Mkiona kitu, mtaniambia au mtanyamaza?" Chaguo liwe lako, na liandikwe. Ukikosea mzunguko mmoja wa ngumi usikimbilie kuandika wosia. Usingizi mbovu na woga navyo vinakosesha.

Mengine ni ya mkoba tu. Njoo na miwani yako, kwa sababu kuna kipimo cha kulinganisha alama na tarakimu kwa sekunde 90, na asiyeona vizuri anaonekana mzito wa akili. Njoo na orodha ya dawa na dozi zake. Njoo na mtu anayeishi nawe: mgonjwa wa Huntington mara nyingi hayaoni mabadiliko yake mwenyewe, na huo si ukaidi, ni ugonjwa. Na tafadhali usifanye mazoezi ya vipimo hivi nyumbani! Alama za vipimo vya akili, ambako kupanda ni kuzuri, hupanda zenyewe mara ya pili kwa kuzoea. Ukijinoa kabla ya ziara ya kwanza unatuharibia msingi wa kulinganishia.

Utafiti wa maji ya uti wa mgongo, kama HDClarity, ni hiari ya pembeni. Unalala na njaa, unachomwa asubuhi, yanatoka takriban mililita 20. Kichwa kinaweza kuuma siku kadhaa, zaidi ukisimama. Ukitumia dawa ya kuzuia damu kuganda, sema mapema.

Kwenye majaribio ya dawa, imani ile ya "sijapima, haunihusu" inapata nusu ya ukweli: huko majibu ya kliniki yanahitajika, pamoja na hatua maalumu ya ugonjwa. Nako kuna kilio cha "nitaangukia dawa bandia nipoteze muda," yaani ile isiyo na tiba ndani, ya kulinganishia tu. Tominersen, dawa ya Huntington inayochomwa kwenye uti wa mgongo, ilijaribiwa kwa watu 791 na dozi zikasimamishwa Machi 2021, waliochomwa kila wiki 8 walifanya vibaya kuliko waliopewa dawa bandia. Nani alipoteza?

Tiba ya jeni AMT-130, inayoingizwa kwa upasuaji ndani kabisa ya ubongo, ilitangazwa Septemba 2025 kuwa imepunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 75 katika miaka mitatu. Waliofikisha miaka hiyo kwa dozi kubwa walikuwa 12 tu, na walilinganishwa na kumbukumbu za washiriki wa Enroll-HD. Nina shaka na ulinganisho huo, kwa sababu aliyetobolewa fuvu anajua ametibiwa, na kujua huko kunaweza kumchangamsha kwenye vipimo. Lakini hata shaka yangu isingekuwa na pa kushikia kama watu hao wasingekuja kila mwaka kutoa ulimi kwa sekunde 10.

Tiba hiyo ikishaingia haitoki, na aliyeipata hufungiwa majaribio mengine mengi. Hilo nalo liulize kabla ya kusaini.