Je, wajua kwa nini lori la dizeli likikauka tangi haliwaki hata ukilijaza mafuta?

Lori limezimika pembeni mwa barabara kwa kuishiwa dizeli. Utingo amedandia bodaboda, amerudi na dumu la lita 20, mafuta yamemiminwa tangini. Dereva anapiga starta, injini inazunguka lakini haishiki. Anapiga tena na tena mpaka betri inaanza kuchoka. Gari la petroli lingekuwa limeshaondoka zamani.

Kinachozuia ni upepo, yaani hewa, ulioingia kwenye njia ya mafuta. Ukielewa jinsi upepo huo unavyoinyima injini dizeli, utaelewa pia sehemu kubwa ya matatizo mengine ya mafuta kwenye lori kuukuu: kuwaka kwa shida asubuhi, kukosa nguvu mlimani, kuzimika ghafla kisha kuwaka baada ya kupumzika.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa iliyovutwa ndani ya silinda hubanwa mpaka ujazo wake unapungua mara 16 au zaidi, na kwa kubanwa huko hupata joto linalopita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo ndipo dizeli hupulizwa ndani ikiwa laini mithili ya ukungu, nayo huwaka yenyewe. Kuipuliza dhidi ya hewa iliyobanwa hivyo si kazi ndogo. Rudolf Diesel, injini yake ilipofanikiwa huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, alitegemea kompresa nzito ya kusukumia mafuta, na mtambo wa namna hiyo haukufaa kuwekwa kwenye gari. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya chuma ya kufanya kazi hiyo, na dizeli ikaingia barabarani. Scania 113 na Fuso za miaka ya 1980 na 1990, ambazo bado zinabeba mbao na mahindi kwetu, zinatumia kanuni ileile.

Ndani ya pampu hiyo kila silinda ina pistoni yake ndogo, ambayo mafundi huiita planja. Planja husukuma tone dogo sana la dizeli kwenye bomba jembamba la chuma hadi kwenye nozeli, yaani mdomo unaopuliza dizeli ndani ya silinda. Nozeli imefungwa kwa springi ngumu, na haifunguki mpaka shinikizo lifike takriban baa 200, yaani karibu mara 200 ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Chukua bomba la sindano, lijaze maji, ziba mdomo wake kwa kidole kisha sukuma: halisogei. Sasa lijaze hewa ufanye vilevile. Linasogea, na ukiachia linarudi. Planja ikikuta upepo mahali pa dizeli hupatwa na hilohilo. Inapanda, inaubana upepo, inashuka, upepo unatanuka tena, na nozeli haijapata hata fununu ya kufunguka. Unaweza kupiga starta mpaka betri ife.

Tangi likikauka, upepo huingia kwa wingi na kila mtu anajua kilichotokea. Tabu kubwa ni lori linaloingiza upepo tangi likiwa limejaa, na hapo ndipo wenye magari wengi hupoteza pesa bila sababu.

Kati ya tangi na pampu hiyo ya planja, tuiite pampu kubwa, kuna pampu ndogo ya kuvuta dizeli, kwa kawaida imefungwa ubavuni mwa pampu kubwa na ina kitufe cha kupampia kwa mkono. Kuanzia hapo kwenda mbele, dizeli inasukumwa. Pakivuja, utaona tone, utaona vumbi limeganda kwenye mafuta. Lakini kutoka tangini hadi hapo, dizeli inavutwa. Tundu likiwepo upande huu wakati injini inafanya kazi, dizeli haitoki nje. Ni hewa inayoingia ndani. Bomba linabaki kavu na safi, jicho halioni kitu, na fundi mwenye haraka anasema pampu imekufa. Mpira uliopasuka nyufa chini ya klipu, washa ya shaba iliyofungwa na kufunguliwa mara nyingi, bomba lililosuguana na chesisi mpaka likatoboka: vitu vya bei ndogo kabisa vinasababisha pampu nzima ishushwe.

Dalili zake zina utaratibu. Lori likiwaka kwa shida asubuhi lakini mchana kutwa likawaka vizuri, shuku tundu dogo upande wa kuvuta. Usiku, lori likiwa limelala, hewa huingia polepole na dizeli hurudi tangini kwa uzito wake, hivyo asubuhi pampu haina kitu cha kusukuma. Likizimika kila tangi linapofika nusu, ingawa mafuta yamo, huenda bomba la kuvutia lililomo ndani ya tangi limepata ufa. Dizeli ikiwa juu ya ufa, kila kitu ni sawa. Ikishuka chini yake, bomba linavuta hewa. Nimeona watu wakibadilisha filta mara kwa mara kwa ugonjwa huu, na filta haikuwa na kosa lolote.

Lori likienda vizuri tambarare kisha likakata nguvu linapoanza kupanda mlima Kitonga, kule Iringa, na mzigo, hiyo ni habari nyingine. Mlimani injini inadai dizeli nyingi zaidi kwa dakika, na njia iliyoziba nusu inaweza kulisha gari tupu lakini isitosheleze gari lenye mzigo. Anza na filta, kisha chujio la wavu ndani ya tangi, kisha mipira. Mpira mzee unaweza kuwa mzima kwa nje huku utando wake wa ndani umebanduka, ukivutwa unaziba njia.

Na kuna tundu la kupumulia la tangi, ambalo watu wengi hawalikumbuki. Dizeli inapotoka, lazima hewa iingie tangini kuchukua nafasi yake. Tundu hilo likizibwa na matope, au dondola akijenga humo, tangi linabana na dizeli inagoma kutoka. Lori huenda kilomita kadhaa, linazimika, likipumzika linawaka. Likizimika hivyo, fungua kifuniko cha tangi taratibu na utege sikio. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, mgonjwa umempata, na dawa yake ni kipande cha waya na dakika tano.

Kabla ya kugusa spana, angalia bomba la moshi wakati mwenzako anapiga starta. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika kwenye silinda lakini haiungui. Tafuta sababu kwenye mgandamizo wa injini, baridi au taimingi ya pampu, yaani wakati inapopuliza dizeli. Pasipotoka moshi wowote, dizeli haifiki. Hapo hakikisha kwanza waya wa kuzimia injini haujakwama. Malori mengi ya zamani huzimwa kwa kuvuta waya unaokata mafuta ndani ya pampu, na waya ukikwama ulipovutwa, hutapata tone hata ufanye nini.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha dumu. Ondoa mpira unaotoka tangini pale unapoingia kwenye pampu ndogo, funga mahali pake mpira mwingine mzima, na mwisho wake uutumbukize ndani ya dumu safi la dizeli lililowekwa juu kuliko pampu, mbali na ekzosi. Toa upepo kama nitakavyoeleza hapa chini, washa. Injini ikitulia na kuvuta vizuri, pampu ni nzima na ubovu uko kati yake na tangi. Ukiweza kupata kipande cha mpira unaopitisha mwanga ni bora zaidi, kwa sababu utaona mapovu yakipita kwa macho yako.

Kutoa upepo kwenyewe kunataka subira tu. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa mkono. Litatoka povu, kisha dizeli yenye povu, kisha dizeli tupu. Kaza skrubu huku ukiendelea kupampu, maana ukiacha kupampu kwanza upepo unarudi. Hamia kwenye skrubu ya pampu kubwa, fanya vilevile. Mwisho legeza kidogo nati za mabomba kwenye nozeli, mwenzako apige starta kwa sekunde 10 hadi 15, apumzishe, apige tena, mpaka kila bomba litoe dizeli bila povu. Kaza. Mara nyingi injini hushika kabla hujamaliza nati zote.

Kuna jambo moja hapa ambalo silisemi kwa kupita. Usipitishe kidole wala kiganja mbele ya nozeli au bomba linalovuja injini ikizunguka. Dizeli ya baa 200 hupenya ngozi, na jeraha lake linaonekana dogo kama la kuchomwa sindano huku nyama ya ndani inaharibika. Ikitokea, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama hakuna maumivu. Na lori la kisasa lenye nozeli za umeme usililegeze nati kabisa: shinikizo lake hupita baa 1,000.

Maji nayo yana sehemu yake. Ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, palepale bomba linapovuta. Yanatoka kwenye madumu machafu, na pia kwenye unyevu wa hewa unaoganda usiku ndani ya tangi lililo nusu. Mwaga kidogo kutoka chini ya filta ya maji kwenye chupa ya kioo, uiache itulie. Maji yatajitenga na utayaona. Kujaza tangi jioni badala ya asubuhi hupunguza tatizo hili sana.

Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye dizeli hudhuru kwa njia nyingine. Planja haina oili ya kuilainisha. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita, na nafasi kati ya planja na ukuta wake ni sehemu chache tu kati ya elfu moja za milimita. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vya kutosha, na chuma kinaanza kulana. Ndiyo maana Tanzania ilianza kuyawekea mafuta alama ya kuyatambua mwaka 2010, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili uchakachuaji usilipe.

Pampu iliyolika kwa namna hiyo ndiyo inayostahili kushushwa. Dalili yake ya wazi ni lori linalowaka likiwa baridi lakini likagoma likishapata moto, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na inapenya kirahisi pembeni mwa planja iliyolegea. Ukifika huko, ipeleke kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, na uombe usimame hapo inapopimwa. Kila mlango wa pampu humwaga dizeli kwenye kibomba chake cha kioo chenye mistari. Vyote vikijaa karibu sawa na kwa kiasi kinachotakiwa, mwambie airudishe kama ilivyo, na wewe rudi kuchunguza mipira.