Tofali kuukuu si kifusi

"Injinia, hayo yameshachoka. Yamwage korongoni, niletee mapya." Nimeambiwa hivyo tena juzi, Uyole, Mbeya, na mteja aliyesimama mbele ya nyumba aliyoachiwa na baba yake. Inaniuma kila mara. Lori la matofali mapya ya kuchoma ni miti iliyoteketea tanuruni, na mazuri yaliyopo tunayafukia.

Tofali halichoki kwa umri. Udongo ukishaiva kwenye tanuru haurudi tena kuwa udongo. Bovu ni lile ambalo halikuiva tangu mwanzo, na hilo hujulikana papo hapo. Niliokota mawili pale ukutani, nikayagonganisha, yakalia kama kengele. Lisiloiva hutoa mlio butu, na msumari hulikwaruza kirahisi. Ukibaki na shaka, lipime likiwa kavu, liloweke saa 24, kisha lipime tena. La kilo 3 likivuka kilo 3.6, usilipeleke ukuta wa nje.

Kinacholiua tofali zima ni saruji iliyozidi. Nyumba ile matofali yake yaliunganishwa kwa udongo, si saruji. Kijana mwenye panga anayakwangua na yanatoka mazima. Ukuta wa mchanganyiko mkali, ndoo 1 ya saruji kwa 3 za mchanga, hauachii: tofali hupasuka kabla ya kiungo. Kwa nyumba isiyo na ghorofa, 1 kwa 6 inatosha. Nguvu iweke kwenye mkanda wa lenta, yaani zege lenye nondo juu ya milango na madirisha, uzunguke nyumba nzima, maana huku tuko kwenye Bonde la Ufa na ardhi hutikisika. Na tafadhali, katapila la kubomoa lisikanyage kiwanja kabla bati, kenchi na fremu hazijashushwa kwa mikono.

"Mbao kuukuu zina mchwa." Baadhi tu. Choma kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, achana nayo. Fremu ya mninga ya miaka 40 naichukua mbele ya paini mbichi inayopinda ikishapigiliwa. Ila mbao zenye dawa ya kijani usizipikie kamwe, nyingi zina sumu ya aseniki.

"Basi kila kitu kirudi kazini." Hapana. Nondo iliyokunjwa ikanyooshwa siiweki kwenye nguzo. Na paa la asbesto usilikate, usilitoboe, usilivunje; vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Lilowanishwe, lishushwe zima na watu wenye barakoa za kazi hiyo, wala usimpe jirani aezekee banda la kuku.