Watoto walionunuliwa Bagamoyo, walikuwa huru au la?

Wageni wakija Bagamoyo tunawapitisha kwenye ile miembe ya misheni ya Kikatoliki, na swali la kwanza karibu siku zote ni mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa wapi. Tunawaonyesha mnara, tunawasimulia jinsi watumishi wake, kina Chuma na Susi, walivyofika na mwili huo Februari 1874 kabla haujavushwa kwenda Unguja, wanapiga picha wanaridhika. Mimi kazi yangu ni hii historia na hapo huwa naumia kidogo, maana Livingstone alipita tu, tena akiwa maiti, wakati kuna watoto waliokulia hapahapa miaka na miaka na hakuna anayewaulizia.

Hao watoto walinunuliwa. Unguja soko la watumwa lilifungwa 1873, kabla ya hapo mapadri walikuwa wanaenda sokoni na hela mkononi kama mteja mwingine yeyote, tofauti ni kwamba wao waliita kukomboa. Sehemu ya hela ilitoka kwa chama cha Utoto Mtakatifu kilichoanzishwa Ufaransa 1843, yaani watoto wa Kikatoliki Ulaya wanachanga visenti ili mtoto mwenzao Afrika akombolewe. Wengine walikabidhiwa na Waingereza, manowari zao zikikamata majahazi ya watumwa baharini.

Shirika la mapadri wa misheni hii, la Roho Mtakatifu, lilianzia Paris 1703 na lilishazoea makoloni. Kule Mauritius Padri Laval alianza 1841 kufanya kazi na watu waliotoka utumwani karibuni. Huku kwetu aliyetangulia ni Padri Fava, alitoka kisiwa cha Réunion, koloni la Wafaransa, akafika Unguja 1860, akaja na masista wa Mabinti wa Maria. Hawa masista ndio nawapenda mimi, shirika lao la Réunion lilipokea wanawake weusi na hata waliokuwa watumwa wenyewe, kitu ambacho wakati ule sio kila nyumba ya masista ingekubali, ila kwenye hadithi za misheni utasikia mapadri tu. 1863 Waroho Mtakatifu wakachukua kazi chini ya Padri Horner, na 1868 wakavuka kuja Bagamoyo kwa sababu walitaka ardhi ya kulima.

Na hapo kwenye kulima ndipo utata ulipo. Mtoto aliamka kwa kengele, sala, darasa, halafu jembe au ufundi, useremala au uhunzi. Akishakua anaozeshwa mwenzake wa misheni wanapewa kibanda na kishamba kwenye kijiji cha Wakristo, huku shamba la misheni nalo linawangoja. Waliotoroka walikuwepo. Sasa mtu aliyekombolewa akitoroka, anatoroka nini? Mapadri waliona ni utovu wa shukrani, mimi naona ni mtu aliyesikia neno uhuru akalichukua jinsi lilivyo. Lakini pia sitaki kusema ilikuwa ni utumwa tu uliobadilishwa jina, kwa sababu nje ya geti kulikuwa na biashara inayoendelea, mtoto wa peke yake asiye na ukoo angekamatwa upya hata kabla hajafika mto Kingani, na kimbunga cha 1872 kilipobomoa misheni karibu yote ni haohao walioijenga tena pamoja na mapadri. Hata kwenye vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani, 1888 na 1889, mji ukiwa unapigwa, watu kibao wasio Wakristo walikimbilia humo humo.

Kuanzia 1877 misheni ikaanza kusogea bara, Mhonda ikiwa ya kwanza, halafu Mandera, Morogoro, mpaka Kilimanjaro. Majina ya mapadri waanzilishi yapo, yanasomwa kila jubilei. Ila padri hakwenda Mhonda peke yake, alikwenda na vijana waliooana Bagamoyo, watoto walewale wa sokoni, na wao ndio waliofyeka msitu na kujenga nyumba za kwanza, na ndio Wakristo wa kwanza ambao majirani waliwaona wanaishi vipi.