Hakuna Mali ya Mjerumani Huko Mnakochimba, Ila Kuna Mabomu na Makaburi

Kiangazi kikianza tu tunaanza kupokea taarifa zilezile, kilima kimechimbwa, bikoni ya wapima ardhi imeng'olewa, kaburi la zamani limefukuliwa, na ukiuliza unaambiwa kuna mzee alionyeshwa na babu yake kwamba hapo ndo Mjerumani alifukia dhahabu akimkimbia Mwingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, 1914 mpaka 1918. Safari hii malalamiko yamezidi, kwa hiyo sisi wa mambo ya kale tumeona tuandike wazi. Hatusemi wachimbaji wote wana nia mbaya, wengi ni watu wazuri tu walioshauriwa vibaya, na wengine wameshauza mpaka shamba kumlipa mganga na mwenye ditekta, ile mashine ya kutafuta chuma ardhini.

Mapigano ya Tanga Novemba 1914, Mwingereza alipopigwa na nyuki wakamvamia, mmeyasoma shule, sitayarudia. Ninachotaka muelewe ni hali ya huyo Mjerumani kifedha, maana hapo ndo hadithi nzima inapovunjika. Vita ilipoanza manowari za Uingereza zilifunga bahari, sarafu na noti kutoka Ujerumani zikawa haziingii tena. Serikali ya koloni ikaanza kuchapa noti zake humuhumu nchini, kwenye karatasi yoyote iliyopatikana, na hali ilivyozidi kuwa mbaya wakawa wanazigonga kwa mihuri ya mpira. Mwaka 1916 wakafungua kiwanda cha sarafu Tabora, wakawa wanayeyusha shaba ya maganda ya mizinga na mabomba wanatengeneza heller, sarafu ndogo za rupia, za kulipia watu. Sasa jiulize, mtu mwenye masanduku ya dhahabu ana shida gani mpaka ayeyushe maganda?

Najua kuna mtu ataleta habari ya sarafu ya tembo. Ipo kweli, rupia 15, ilipigwa hapo Tabora 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ina tembo na mlima nyuma yake. Zilitoka kama 16,000 hivi, kila moja ina gramu 7 na kidogo, na dhahabu yenyewe ni asilimia 75. Ukizirundika zote kwenye mizani hazifiki hata kilo 120, na hazikupigwa ili zifukiwe, zilipigwa ili zitumike kulipia. Hizo mnazoletewa kwenye kitambaa chekundu usiku, "rupia" zinazovuta punje za mchele na kuzima simu, hazina uhusiano wowote na Mjerumani wala na vita. Hatuzithamini, hatuzipimi, hatuziandikii barua ya uthibitisho. Tafadhali msije nazo.

Na kuna jingine. Askari weusi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku, walimaliza vita wakiwa wanadai mishahara. Alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168 pamoja na wapagazi wao. Ujerumani ilikuja kulipa madeni hayo miaka ya ishirini, na inasimuliwa kwamba 1964 ilituma tena pesa kwa wazee waliobaki, zikagawiwa Mwanza, na asiye na cheti alipewa ufagio aushike kama bunduki, akaamrishwa kwa Kijerumani kuonyesha kwata. Jeshi linalodaiwa na askari wake hivyo halijaacha hazina mlimani kwenu.

Waliwahi kuficha vitu? Ndio, ila vitu vyao vikubwa vinajulikana viko wapi. Meli ya Graf von Goetzen waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika 1916, injini wamezipaka grisi nzito wakitegemea kurudi, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Manowari ya Königsberg iliharibiwa delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ikatolewa ikatumika nchi kavu, mmoja unaweza kuuona Fort Jesus Mombasa bila kushika jembe.

Halafu fikiria huko kukimbia kwenyewe kulivyokuwa. Ndorobo waliua farasi na nyumbu, barabara hakuna, kila kitu kilibebwa kichwani na binadamu, mzigo wa kilo 25 hivi, mvua, mafuriko, chakula kidogo. Mtu wa hivyo habebeshwi dhahabu toka Korogwe mpaka Songea aje afukie, anabebeshwa risasi na unga. Hao wapagazi ndo wengi wa waliokufa kwenye vita hii, na hawakufa kwa risasi, wamekufa kwa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Upande wa Uingereza peke yake hesabu yao rasmi inazidi 95,000, na sisi tunaofanya kazi na kumbukumbu hizi tunaiona ni ndogo, upande wa Mjerumani hakukuwa hata na daftari la maana. Kariakoo ya Dar es Salaam imetokana na kikosi hichohicho cha wapagazi.

Na raia je? Majeshi yote mawili yalikula kwenye maghala ya watu. Ugogo walichukuliwa ng'ombe, nafaka na wanaume, mvua ikagoma, ikaja njaa ya 1917 mpaka 1920 ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, katikati yake yakaingia mafua makali ya 1918. Kwa hiyo ukichimba ukakuta mifupa mingi bila sanduku, hukukuta "walinzi wa hazina waliotolewa kafara". Umekuta watu. Inachosha kulirudia hili kila mwaka.

Sasa taratibu za kisheria, na hapa naomba msome taratibu maana ndo mnapokosea. Kuchimba kutafuta vitu vya kale kunahitaji kibali kutoka kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka ya kukitoa, diwani hana, mwenye shamba hana hata kama shamba ni lake. Leseni ya Tume ya Madini ni ya madini, haikupi ruhusa ya kufukua kaburi wala boma. Kuvamia sehemu ya maziko ni kosa la jinai, na haijalishi kaburi ni la Mzungu, Mhindi au mpagazi asiye na jina. Kung'oa bikoni ni kosa jingine peke yake, ile ni alama ya upimaji, hiyo namba ni ya wapima ardhi, haisomi hatua za kwenda kwenye sanduku. Kwa hiyo mtu mmoja kwa usiku mmoja anaweza kujikuta na mashtaka matatu, na kama kakutwa na bunduki ya zamani au risasi inaongezeka Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ambayo haina msamaha wa "ilikuwa na kutu". Adhabu ni faini, kifungo au vyote, kiwango kinategemea kosa na mahakama, msituulize kwa simu.

Ukikuta chuma chenye umbo la kombora au guruneti, usikiguse, usikigonge kuona kama ni shaba, usikipeleke kwa mnunuzi wa chuma chakavu, usikitie maji, usikipige picha kwa karibu. Miaka mia na zaidi haijaua baruti, kutu inafanya kifyatulio kiwe hatari zaidi. Rudi ulikopitia, weka alama mbali na hapo, zuia watoto, kamwambie mtendaji wa kijiji na polisi, wao ndo wataita wataalamu wa jeshi. Sisi hatuteguagi mabomu.

Wanaotafuta majina ya babu zao waliokuwa askari au wapagazi kwenye vita hiyo, ninyi karibuni, hata kama hatuna cha kuwapa kila mara. Ile Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam iliyozinduliwa 1927 inawataja wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi, ila jina la mtu hata moja halipo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo ukikosa jina kwenye tovuti yao usiseme babu alidanganya. Njoo na jina lake, jina la baba yake, kijiji, jumbe aliyemtoa kwenda vitani kama anajulikana, na njia aliyosimulia kupita. Kama kuna kipande (kadi ya kazi), cheti au medali njoo nayo, tunapiga picha mbele yako, tunaandika maelezo unasaini, kitu chenyewe unarudi nacho.